Kamera Uliyotuletea, Mutahar

Sanaa, mwezi wa Shaabani

Mwanangu Mutahar,

Salamu za Mola zikufikie huko Jeddah kabla ya hasira zangu, nimezitanguliza makusudi. Kifua chako kinaendeleaje? Haj Muqbil alipokuja mara ya mwisho aliniambia unalala chini ya kiyoyozi na shati lingali limelowa jasho. Usifanye hivyo, mwanangu. Jioni unakula nini, na nani anakufulia? Sisi huku miili yetu haijambo. Mwanao Hanan ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila anayebisha mlango.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, hata mdogo wako Nuriya hajui. Ukiona herufi zimelala, ujue mwalimu wetu wa darasa la akina mama hajazifikia bado. Sina haja ziwe nzuri, nina haja uzisome zote. Kwenye simu unanikatiza. Nikianza neno unasema salio linakwisha, au mkubwa wako anaita, au unacheka tu. Basi kaa kitako usome.

Wajua mdogo wako alivyorudi nyumbani baada ya kuachwa. Alikuwa hasemi na mtu, kazi yake kufagia ngazi ambazo zimeshafagiliwa. Kilichomwinua ni ile kamera kuukuu ya kanda. Wewe ulikuwepo likizo, ukaona mwenyewe. Kwenye sherehe ya bibi harusi mlangoni hukaa mwanamke na kapu, na kila simu yenye jicho inaingia kapuni, hata ya mama mkwe. Lakini Nuriya alikuwa akipita na kamera yake begani na wanampigia vigelegele. Walimwamini kwa sababu kila mama wa bibi harusi aliahidiwa jambo moja, kwamba picha haitoki kwenye mikono yetu. Anapiga, anarudi, anajifungia chumba cha juu, anachomeka waya kutoka kwenye kamera hadi kwenye kompyuta, na ile programu yake inaivuta kanda yote ndani. Anakata pale mtu anapotafuna mdomo wazi, anakata pale kamba ya gauni ilipoteleza, anaunga nyimbo. Akimaliza, anaifuta kwenye kompyuta, na kanda yenyewe anamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Hakuna duka wala fundi. Wanawake wamevua baibui, wamefungua nywele, wamecheza mpaka jasho limewatoka, na wakirudi makwao wanalala usingizi.

Kamera ile ilipokufa ulisema utanunua nyingine wewe. Nilikuombea dua mpaka magoti yakauma. Nuriya akakueleza kwenye simu, nami nimekaa pembeni nasikia. Alikwambia usianze na kamera, uanze na programu. Kwamba programu yake na kompyuta yetu hii vinajua kanda ndogo na waya wa namna moja tu, basi utafute kamera inayopatana navyo, hata iwe nzito, hata iwe imekaa dukani mpaka imeshika vumbi. Akakutajia na jina la tundu la huo waya, herufi moja moja. Na wewe ukamjibu, "Nuriya, kanda ni mambo ya zama za Imamu. Nikutafutie na punda wa kuibebea?" Nilicheka na mimi, sikatai. Punda alinichekesha. Nuriya hakucheka. Alikwambia, "Basi huyo muuzaji wako aje kuzikata harusi yeye."

Ukanunua iliyokupendeza wewe. Nyembamba, inang'aa, haina kanda, kila kitu inakiweka tumboni mwake. Ulituambia picha zake ni safi kiasi cha mtu kuona nyuzi za nguo. Ni kweli, ni safi. Lakini umeniletea sufuria nzuri isiyokaa kwenye jiko langu. Tena imefika kesho yake ni harusi ya Afrah, binti wa Bi Khadra, na Nuriya hakupata hata nafasi ya kuijaribu. Aliichukua akaenda, kwa sababu kaka yake ndiye aliyemnunulia na alikuamini.

Aliporudi, akaichomeka. Ikatoka sauti bila picha. Tukasikia ngoma, tukasikia vigelegele, tukamsikia Bi Khadra akiuliza nani kamaliza sharubati, na kioo cheusi kama kitako cha chungu. Akajaribu njia nyingine, kompyuta ikaganda. Akatafuta programu nyingine, ikasema kompyuta yetu haina nguvu. Nilimpelekea chakula kikarudi kama kilivyo. Bi Khadra akawa anauliza kila siku kwa adabu, na siku ya tatu adabu ikaanza kupungua.

Ndipo akakupigia. Ukamwambia azipeleke picha dukani, kuna mafundi wenye kompyuta kubwa, watazigeuza ziwe za namna ambayo programu yake inaielewa, kazi ya saa moja. Akakwambia hazitoki nyumbani. Ukamwambia anajifanya analinda hazina ya serikali. Kisha ukataka kusema na mimi, na maneno yako nayakumbuka kama sura niliyohifadhi. "Mama, mwambie mwanao aache maringo. Kwani waliomo ni nani? Wanawake wa mtaani wanacheza tu, nani ana haja nao?" Siku ile nilinyamaza. Nilidhani umechoka na kazi.

Siku ya pili yake akaja Abdulwali, mtoto wa ami yako. Nuriya alikuwa hamamuni. Akasalimia vizuri, akanibusu kichwa, akasema Mutahar kamwagiza anunue waya uliosahaulika, na anataka kamera akaulinganishe. Waya, Mutahar. Nikampa kamera kwa mkono wangu huu, na pipi ya mtoto wake nikamwongezea. Mlikaa mkapanga, mmoja Jeddah mmoja hapa, namna ya kumdanganya mama yenu mzee. Ningekuwa karibu nawe siku ile ningekuchapa, na ndevu zako hizo.

Nuriya aliporudi na nywele zimelowa akaiulizia. Nilipomwambia, alikaa kwenye ngazi palepale. Hakulia. Nilimpigia Abdulwali, naye bila hata kutetemeka akasema, "Tulia mama, iko kwa fundi, jioni utaipata imekamilika. Mutahar kasema." Nikamuuliza duka lenyewe liko wapi. Nikajitanda shuka langu kubwa la maua juu ya baibui nikaenda peke yangu, na mguu huu mbovu.

Mle dukani walikuwa wanaume watatu, mashavu yamejaa mirungi. Mwenye duka simlaumu sana. Alikuwa anafanya kazi aliyopewa, macho yake yako kwenye namba. Lakini kioo cha kompyuta yake ni kipana kama mlango, kimeelekea barabarani, na juu yake mwanamke anacheza, nywele wazi, mabega wazi. Mmoja wa wale waliokaa, mwenye shati la mistari, akamwambia fundi, "Rudisha hapo kidogo, hapo hapo, huyo ana kiuno." Mwenzake akamwambia aache, kuna mama mlangoni. Akajibu, "Mama huyu naye si alikuwa kijana zamani." Wakacheka.

Nilivua lile shuka langu nikaifunika ile kompyuta yote. Mwenye duka akasema, "Mama, hiyo itashika moto." Nikamwambia ishike. Akasimama, akaona haya, akawafukuza wale wawili. Akachomoa kamera akanipa. Nikamwambia afute alichokwisha kukivuta, akasema amefuta. Nikamwapisha. Akaapa. Lakini mimi najua nini, mwanangu? Alibonyeza, kikatoweka kwenye kioo. Nuriya anasema kitu kinaweza kutoweka kwenye kioo na kikawa bado kimo ndani. Nikisikia vijana wanacheka njiani sasa nafunga dirisha.

Nilimwambia Nuriya tuseme kamera imeharibika, yaishe. Akakataa. Akanawa uso, akaenda kwa Bi Khadra mwenyewe akamweleza yote. Bi Khadra hakupiga kelele. Alimuuliza walioona ni wangapi, na walimwona nani. La kwanza alilijua, la pili hakulijua. Basi Bi Khadra akasema kila aliyecheza siku ile ana haki ya kuambiwa, na akavaa viatu. Tangu hapo wanapita nyumba kwa nyumba, wao wawili. Wapo waliowakaribisha kahawa ya maganda. Wapo waliowaacha wamesimama mlangoni. Mama wa mwalimu mmoja wa shule aliyecheza siku ile alimwambia Nuriya, "Wewe ulikuwa mlango wetu, na mlango umefunguka." Harusi mbili za mwezi huu zimemwambia asije. Anarudi, anavua viatu, anachukua ufagio, anaanza tena na zile ngazi.

Wamekwenda nyumba zote isipokuwa moja, na hiyo hawakwenda kwa sababu ni hii yetu.

Nuriya hajui kilichokuwa kwenye kioo nilipoingia, kwa sababu sikumwambia. Mimi nilikiona. Aliyekuwa akicheza alivaa gauni la kijani, lile ulilolituma wewe siku ya Idi, na nywele zake zilifika kiunoni. Yule mwenye shati la mistari aliomba arudishwe aonekane tena. Ni mkeo, Mutahar. Ni Lutfiya, mama wa mwanao, ambaye hata ndugu zako hawajauona unywele wake mmoja. Wewe ndiye uliyemtuma kule, kwa simu, unacheka.

Nimekaa na jambo hili nikila naye sahani moja. Ananimegea mkate, ananiuliza hali ya mguu wangu. Leo asubuhi nimemwambia. Hakuuliza habari za wale wanaume hata kidogo. Aliuliza nani aliyetoa amri kamera ipelekwe. Ningeweza kumtaja Abdulwali, na Abdulwali mwenyewe asingejali, ana mabega ya kubeba lawama za watu kumi. Sikumtaja. Nilikuzaa na nakupenda, lakini sikuweza kumwambia uongo mtoto wa watu chini ya dari yangu.

Sasa nisikilize. Usimpigie mkeo simu. Hatapokea, nami sitampelekea. Usimtume mtu, na usitume zawadi. Omba ruhusa, uje. Ami yako nimeshasema naye, ni mkali kwako lakini atafuatana nawe kwa mkweo, na ng'ombe wa kuchinja mlangoni kwa mkweo ni juu yako, kama inavyompasa mume aliyemkosea mkewe. Ukishatoka huko utapita kwa Bi Khadra na mumewe na wanawe wa kiume, utasimama mbele yao, utasema kwa mdomo wako kwamba aliyevunja ahadi ni wewe na si mdogo wako. Usiseme ulikusudia kusaidia. Najua ulikusudia kusaidia. Nimekulea miaka yote hii, najua moyo wako si mbaya. Lakini hukusikiliza, kwa sababu aliyekuwa anakueleza ni mwanamke amekaa chumba cha juu, na hasira yangu yote iko hapo.

Barua hii anakuletea Haj Muqbil anayekwenda Umra, pamoja na chupa ya asali ya mkunazi. Ni ya kifua chako. Kijiko kimoja asubuhi, usichanganye na maji ya baridi.

Ami yako anakusalimu, kwa kifupi. Hanan anakusalimu sana, na anasema jino jipya likiota atakuonyesha kwanza wewe. Nuriya hana salamu kwa kuwa hajui kama naandika. Lutfiya nilimuuliza kama ana neno la kukufikishia. Alikuwa anakunja nguo za mtoto anaziweka kwenye begi, kaka yake anamngoja chini kwenye gari. Akaniambia neno analo, ila atakupa mwenyewe, nyumbani kwa baba yake.

Mimi mama yako,
Ghaliya