Tulipomwimbia Mfaransa wa Violoni

Neema wangu,

Salamu toka Buffalo. Bon, sisi wazima. Shangazi yako amehamia Cheektowaga, mji wa jirani hapa. Umeniuliza kama nitaweza kunyamaza ukipiga violoni kwenye konseri ya shule huko Louisville.

Nilipokuwa msichana, Mfaransa mmoja mpiga violoni, aliyezoea kusikilizwa kimya kule Paris, alikuja kupiga kanisani kwetu Uvira, kule Kongo. Sisi wanakwaya tulidhani anatuanzishia wimbo, tukaingia kwa sauti na vigelegele. Akaacha kupiga. Tukaona haya. Halafu akatuomba tuendelee, akatufuata polepole kwa violoni yake, machozi yakimtoka.

Wanakwaya wale wametawanyika, nimebaki na sauti yangu tu. Nitanyamaza, Neema. Ila usipige haraka haraka, unisubiri: moyoni nitakuwa naimba.

Koko, bibi yako