Kamba ya Dirishani kwa Mama

Kijiji cha Sugisawa,
Mkoa wa Yamagata,
Japani.

8 Februari 1983

Mpendwa mdogo wangu Tamotsu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku tulikofukiwa na theluji. U mzima? Haruyo na watoto hawajambo? Nasikia huko Brazili mwezi huu watu wanalala bila shuka kwa joto. Tugawieni basi, msiwe wachoyo. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi na mgongo unanilaumu kwa kupakua theluji paani. Kahawa uliyotuma ilifika. Mama aliionja, akakunja uso, akasema, "Huyu mtoto anatutumia dawa ya minyoo," kisha akaomba kikombe cha pili.

Mama mwenyewe ni mzima kichwani na mdomoni. Miguu ndiyo iliyomkataa. Tangu Novemba hajavuka kizingiti, analala chumba cha nyuma, kwenye dirisha linalotazama mianzi. Nimehamia kwake. Mume wangu Gonji yuko peke yake mjini, anajipikia tambi asubuhi na jioni. Hanung'uniki, lakini simu zake zimekuwa fupi.

Mama bado anampakulia baba. Si mbele ya picha za wafu, bali mezani, mahali pake, kama mtu aliye safarini. Tukimaliza kula anataka nimpe kifuniko cha lile bakuli akitazame kwa ndani. Kikiwa na matone ya mvuke anasema, "Mzima," roho yake inatulia. Tangu siku ile baba alipopanda mlimani kuchuma machipukizi ya mianzi pori asirudi, wala maiti wala kofia isionekane, kifuniko hicho hakijatoka kikavu hata mara moja.

Uliandika kwamba sasa basi: tumwite kuhani, tumzike baba hata bila mwili, tumshushe mama mjini kabla paa halijatuangukia. Nilikubaliana nawe. Nyumba ya akina Bunji imeshalala chini, na majirani waliobaki ni wa kuhesabu. Nikamsomea mama barua yako neno kwa neno. Alipomaliza chai yake akasema, "Mwanzi wa baba yenu ukivunjika baridi hii, nitakubali kuitwa mjane, mnipeleke mnakotaka. Usipovunjika, msinitajie tena habari hiyo."

Unaujua mwanzi anaousema. Ulichipuka mwaka ule ule alioondoka. Kila Juni baba alikuwa akiikumbatia mianzi michanga na kuitikisa mmoja mmoja mpaka ncha ikatike, ili theluji ikija isipate pa kukaa. Ndivyo alivyoweza kuotesha huku mianzi ya kusini, baada ya kijiji kizima kumcheka alipofika na yale mashina kwenye gunia lenye unyevu. Ule mmoja alisema ataushughulikia akirudi. Mingine nimekuwa nikiikata ncha mimi. Ule mama hataki mtu auguse. Kwa hiyo umerefuka, una kichwa kizito, na theluji ikiukalia unainama mpaka unataka kulamba ardhi.

Zamani baba alikuwa akitoka na kuupiga kila mwanzi ngumi mbili shinani. "Amka, amka." Theluji inamwagika, mwanzi unasimama. Mimi baridi hii niliamua kutousaidia. Nakwambia kweli, niliomba uvunjike.

Lakini kila nilipoamka niliukuta umesimama, theluji yake chini, na pembeni hakuna hata unyayo. Nikaanza kuogopa kufungua mlango. Bibi Orie wa ng'ambo ya mfereji alipopita kuniletea figili alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee wenu karudi huyo! Mpikieni, msimwache nje kama mbwa!" Alicheka peke yake. Halafu naye akageuka kuutazama, akaaga haraka.

Siku moja nikitandika kitanda cha mama nikaiona kamba ya majani ya mpunga. Imepita tundu la dirishani, ikavuka ua chini ya theluji, ikafungwa kwenye shina. Alimwomba fundi wa paa amfungie tangu vuli, tena kwa siri. "Ulidhani nitakaa hivi hivi?" akaniambia. "Miguu sina, mikono je?" Nilicheka nikalia. Nikamwachia.

Sasa nikueleze la Jumanne iliyopita, maana ndilo linalonikosesha raha. Theluji ilikuwa ya majimaji, ile nzito. Mama alikuwa na homa, amelala kwa dawa, kamba imezungushwa kifundoni mwa mkono. Mchana ule niliifungua taratibu nikaishika mwenyewe, ili hata akiamka asipate cha kuvuta. Mwanzi ukainama, ukainama. Nikausikia ukilalama. Nikasema, "Vunjika basi, twende zetu."

Kamba ikavutwa mikononi mwangu. Ikalegea. Ikavutwa tena.

Theluji yote ikaanguka kwa mpigo, mwanzi ukasimama ukagonga ukingo wa paa. Mama hakufungua macho. Aliuliza tu, "Umemfungulia mlango?"

Nimejieleza mambo yote ambayo nawe sasa hivi unataka kunieleza. Theluji ikizidi uzito huteleza yenyewe, mwanzi ukijirudisha unaivuta kamba. Najua. Nimekua katikati ya mianzi hiyo. Lakini mwanzi ukiinuka huvuta mara moja, Tamotsu. Na kamba hii ilivutwa mara mbili kabla mwanzi haujainuka.

Jioni ile nilimpakulia baba kwa mkono wangu, kwa mara ya kwanza. Kifuniko sikukiinua. Niliogopa kukikuta kikavu, na niliogopa zaidi kukikuta kina matone.

Basi usimwandikie kuhani. Kamba nimeirudisha mkononi kwa mama na fundo nimelikaza. Gonji nimemwambia asinitarajie mpaka theluji iyeyuke. Alisema tu niivae ile sweta yake ya buluu. Mlango wa nyuma siku hizi siupigi komeo.

Nisalimie Haruyo, na Paulo, na Kimi mwenye mashavu. Bibi Orie anakusalimu, anasema unadaiwa harusi ya kumchezesha. Mama anakusalimu sana. Anasema ule vizuri na usifanye kazi kichwa wazi juani. Salamu za baba sijapewa, lakini siwezi tena kukuandikia kwamba hazipo.

Wahenga wakufunike huko uliko, na wakurudishe siku moja kwa mlango huu huu.

Wako akupendaye, dada yako,
Kinue