Nadhiri ya Mama na Damu Yake

Mtaa wa Mbotela,
Nairobi.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa kaka Wabwire,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Hujambo? Joto la huko Doha likoje, na ule mgongo wako umepoa? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Barua hii nampa Kiilu, mwenzako wa kazini, anayerudi huko Jumanne baada ya likizo yake. Kwa simu ningeishia kulia tu.

Mama ni mgonjwa, kaka, na tulikuficha. Ugonjwa ulianza mwaka jana. Ulimi ulimwiva mwekundu, akawa anahema akipanda ngazi, nyayo zikafa ganzi. Pale sokoni Muthurwa anapouza dagaa wake wa omena, akaanza kusahau amempimia mteja gorogoro ngapi.

Mimi na ujuaji wangu nikakimbilia duka la dawa, nikanunua folic acid, zile tembe alizopewa jirani yetu Kui alipokuwa mjamzito. Rangi ikamrudia usoni, nikajisifu mtaa mzima. Kumbe miguu ilikuwa inazidi kufa. Mwezi wa nne alianguka bafuni, ndipo tukaenda hospitali.

Walipopima damu wakakuta chembe nyekundu ni chache, tena kubwa kuliko kawaida. Daktari alisema mambo mengi huleta hali hiyo: pombe, ini bovu, tezi ya shingo iliyolegea, hata dawa fulani. Akaanza na pombe. Ungemwona mama yako!

"Daktari, mimi ni mama wa kanisa. Pombe nitaijulia wapi?"

Nilicheka, na siku hiyo sikucheka tena. Vipimo vingine vilionyesha hana vitamini B12, ile inayopatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Daktari akamuuliza huwa anakula nini. Mama akasema polepole, "Siku Wabwire alienda, niliambia Mungu sitaonja kitu cha mnyama mpaka mtoto wangu akae kwa meza yangu."

Miaka sita, Wabwire! Anauza omena na haonji. Nyama yake alikuwa ananiwekea mimi kwenye sahani, eti meno yanamuuma, nami nikala bila kuuliza. Hilo linanichoma hadi leo.

Sasa anadungwa sindano ya B12 kila baada ya siku moja. Baadaye itakuwa moja kila miezi miwili. Damu inarudi vizuri. Daktari alinieleza kwamba zile tembe zangu ziliipendezesha damu tu, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ilifaa aanze na sindano. Kuhusu miguu hakutuahidi kitu. Mama anatembea kwa kushika ukuta, na akili inakuja na kwenda.

Pasta alikuja kumfungua nadhiri. Mama alikataa, akamwambia hakuiweka naye.

Alhamisi aliniuliza kama umefika. Nilikuwa nimechoka, kaka. Nikamwambia umefika, umetoka kidogo kwenda dukani kununua mkate. Akaomba yai. Akalila lote, akapangusa sahani kwa kidole, akaniambia nifunike lako lisipoe. Nikaingia jikoni nikalia.

Tangu hapo anaketi akitazama mlango. Kila siku ananiuliza mbona huko dukani foleni ni ndefu hivyo.

Najua tajiri wako amekunyima likizo mara mbili. Lakini Kiilu aliomba akapata. Omba tena, hata kwa kupiga magoti.

Kui anakusalimu, na mjomba Kweyu wa Ziwani anasema hajakusahau. Mungu aulainishe moyo wa huyo tajiri, akufikishe salama. Na ukifika Mbotela, kabla hujabisha hodi, pitia dukani. Usiingie mikono mitupu, kaka. Ingia na mkate.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Nabalayo