Usimlete Baba Jumapili

Muyeye, Malindi
Jumatatu

Mpendwa ndugu yangu Mwambire,

Pokea salamu zangu kutoka huku Muyeye, pamoja na za mpwa wako Emily, ambaye kila akilisikia jina lako huuliza kama mjomba anakuja na madafu. Natumai barua hii inakukuta salama, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa palizi umeanza kukupa usingizi. Shamba linasemaje? Na Baba, anakula vizuri? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu, isipokuwa hiyo habari ya miguu yangu uliyokwisha kuisikia, na ndiyo iliyonitafutisha kalamu.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Lakini kila nilipokupigia ulinikatiza kabla sijafika kati, ukasema hayo si maneno yangu, nimetiliwa kinywani. Huna subira wewe tangu utotoni. Ulikuwa hungoji hata uji upoe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiufuta kifuani mwako. Barua huwezi kuikatiza. Isitoshe, simu yangu haina siri, maana mavyaa hushinda nami mchana kutwa na masikio yake ni makali kuliko yangu. Jirani yetu Phoebe anakuja huko Rabai kwa mazishi ya shangazi yake, kwa hiyo nimemtilia barua mkobani. Mwandiko usikutishe. Vidole vyangu vinashika kalamu lakini havina habari kwamba vimeishika.

Ninalo ombi moja tu, na ninalitanguliza ili usichoke kabla ya kulifikia: usimlete Baba Malindi hiyo Jumapili. Nisikilize kwanza nikueleze, kisha hasira zako utazirudia ukipenda.

Mambo yalianza mwaka jana, wakati ule wa kushona sare za shule. Unaijua cherehani yangu, ni ya kukanyaga, na siku hizo nilikanyaga mpaka jioni nikawa nasinzia juu ya kitambaa. Mavyaa wangu, Mama Menza, akanionea huruma. Sitaki umfikirie vibaya. Nilipomzaa Emily, na Mama yetu amekwisha kututoka, ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto mpaka arubaini ikaisha, na hakuna siku aliyonung'unika. Wakati huo alikuwa amejiunga na watu wanaouza vitamini, wale wanaokutana kwenye ukumbi wa hoteli wakapigiana makofi. Akaniletea chupa ya vidonge vya neva. Baadaye akaongeza vya nywele, kwa sababu nywele zangu zilikuwa zikikatika mbele. Mwisho ukaja unga wa kukoroga kwenye maji, una ladha ya chungwa lililosahauliwa juani, lakini nikaunywa.

Mwanzoni nilipata nguvu, au nilidhani nimepata. Nilishona bila kupiga miayo, wateja wakauliza siri yangu, nikawaelekeza kwa Mama. Haukupita muda nikageuka kuwa tangazo. Kwenye mikutano yao Mama alikuwa akinisimamisha mbele ya watu na kuwaambia wamtazame mkaza mwana wake. Nami nilisimama nikatabasamu kama bibi harusi. Kina mama wengi wa hapa Muyeye, na wale wa kanisani, walinunua kwa kuniona mimi.

Kisha vidole vya miguu vikaanza kuchomachoma, kama mguu ulioukalia ukafa ganzi. Ile ganzi ya kawaida huondoka ukiukung'uta mguu. Hii yangu ilikaa. Nilipomwambia Mama, alifurahi. Alisema huko mkutanoni wamefundishwa kwamba hizo ni taka zinatoka mwilini, na kwamba anayeacha katikati hubaki na taka zake zote, kwa hiyo dawa yake ni kuongeza. Nikaongeza. Mtu aliyekukanda maji ya moto, ndugu yangu, humdhanii kwamba anaweza kukosea.

Baba alikuja kututembelea katikati ya hayo, na kikapu chake cha korosho. Hapo ulipoambiwa kwamba miguu yangu iliharibika baada ya yeye kuondoka, uliambiwa nusu. Ilikuwa imekwisha kuanza, ila nilikuwa sijaitangaza. Asubuhi ya safari yake nilimwambia kwa siri kwamba miguu hainipi raha. Baba unamjua, ibada haimpiti, na wala hajayaacha aliyoachiwa na babaye. Aliomba kikombe cha maji, akapiga funda, akainama na kunipulizia miguuni, akasema kama kuna neno baya lililonitoka au lililonilenga, na lipoe. Ndivyo alivyokufanyia wewe ulipokwenda kutafuta kazi Mombasa, na ukarudi na kazi. Mavyaa alikuwa anatoka sokoni. Akamkuta mzee ameinama miguuni pangu, maji yakimtiririka kidevuni. Alimsalimu kwa heshima zote, na siku hiyo hakusema kitu.

Miguu ikazidi. Nikawa natembea kama ninayekanyaga usufi. Siku moja sindano ilinipita kidoleni nikaendelea kushona, na nilijua tu nilipoona damu kwenye shati jeupe la mtoto wa watu. Hapo ndipo kikundi cha maombi kikaja nyumbani. Mtumishi anayewaongoza akauliza ni nani wa mwisho kuishika miguu yangu, na kabla sijafungua kinywa Mama akajibu. Kuanzia saa ile nyumba nzima ilikuwa na jina moja tu la kunong'ona, jina la Baba. Mtumishi akasema lililofungwa kwa kinywa hufunguliwa kwa kinywa, na kwamba lazima mzee aje asimame mbele ya watu, aseme alilolifanya na alirudishe.

Wakakupigia wewe. Nawe ukamwendea Baba kwa ukali, kwa ajili yangu. Sikulaumu, mapenzi yako nayajua. Lakini nimesikia alivyokujibu, na tangu nisikie sijatulia. Hakubishana nawe. Alikuuliza jambo moja tu, kwamba akisema ni yeye, Pola atatembea? Ukamwambia ndiyo. Akakubali kuja Jumapili.

Mwambire, yasome tena maneno hayo taratibu. Baba amekubali kukiri asilolifanya ili mimi nitembee. Mzee mwenye mvi, katika nchi hii yetu ya Kilifi, asimame mbele ya umati na kusema amemfunga mwanawe! Jumatatu yake atalala wapi? Wewe na mimi tumekwenda kwenye mazishi ya wazee ambao hawakukiri chochote, walidhaniwa tu kuwa wachawi, vijana wakawakata mapanga. Vijana wale hawaulizi kama mtu ametubu.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe. Nilimdanganya Mama kwamba nakwenda kununua uzi, nikaenda zahanati. Huko kuna daktari wa kike kutoka bara, anaitwa Nyakio, mcheshi sana. Alinigusagusa nyayo kwa pini huku nikiwa nimefumba macho, nami nikawa nangoja aanze, kumbe amekwisha kumaliza. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia situmii dawa yoyote, maana nani anahesabu vitamini kuwa dawa? Alipozidi kunichimba nikazitaja, akaniambia niende nikazilete zote. Alizipanga mezani, akazigeuza nyuma akasoma, na ucheshi ukamwisha. Ilikuwa vitamini ile ile moja kwenye chupa zote tatu, inaitwa B6. Mwili unaitaka kidogo sana, na mimi nilikuwa naila ya neva, naila ya nywele, kisha nainywa ya unga. Wewe mkulima utaelewa, ni kama mbolea ya dukani inavyounguza mche ikizidi. Imeniunguza mishipa ya fahamu. Alisema nikiacha, hisia zitarudi polepole, miezi na miezi. Nikiendelea, huenda nyingine zisirudi kamwe.

Nilimweleza mume wangu. Menza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbona mama yake anameza zile zile na hana kitu. Nikawaeleza watu wa maombi, nao wakanitazama kwa huruma, wakasema aliyefungwa siku zote humtetea aliyemfunga. Nikimtetea Baba nazidi kumfunga, nikinyamaza nimekubali. Nimebaki njia panda, ndugu yangu, na njia zote zinarudi hapa hapa nilipokaa.

Mwisho nilimwambia mavyaa mwenyewe. Alizigeuzageuza zile chupa mkononi, kisha akasema madaktari wana kijicho, wanataka watu waugue ili wao wapate kazi. Tangu siku hiyo vidonge ananiletea yeye, kila asubuhi, na husimama mpaka nimeze. Hanikemei. Huniita mwanangu, na hunishika bega. Ingekuwa afadhali angenikemea.

Kisha wiki iliyopita alikuwa anachoma mahamri kwenye jiko la makaa, huku akinisimulia habari za soko. Kaa la moto likaanguka, akalikanyaga kwa mguu mtupu, akaendelea kusimulia. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nikamsukuma mguu. Akatazama unyayo wake, akanitazama mimi. Nilimfunga kile kidonda kwa kipande cha leso. Akaniomba nisimwambie Menza.

Hapo nikajua kwamba anajua. Ikiwa ni chupa, basi ni yeye, na wale kina mama wote waliopokea kutoka mkononi mwake watakuja mlangoni na miguu yao. Ikiwa ni Baba, basi si yeye. Nilimwonea huruma na nikamchukia, yote kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui lipi limezidi. Lakini wewe jiulize, Mwambire: ni nani aliyempulizia maji mavyaa wangu?

Sasa nimefika kwenye neno ambalo sijamwambia mtu, wala Menza, wala Nyakio. Vidonge bado nameza. Usiniite mwendawazimu kabla sijamaliza. Kuviweka chini ya ulimi na kuvitema Mama akigeuka ni kazi ndogo, nimefanya siku kadhaa na hakugundua. Kisha usingizi ukanipaa, nikawaza: Jumapili Baba atakuja atasema maneno yao, na baada ya muda vidole vyangu vitaanza kuhisi. Watu watasema nini? Watasema amefungua alichokifunga. Watasema si mmeona? Kupona kwangu ndiko kutakuwa ushahidi, na hakuna atakayetaka kusikia habari za chupa. Kwa hiyo nimerudia kumeza kweli. Maadamu safari ya Baba ipo, mimi naogopa kupona. Afadhali nikokote miguu hii maisha yangu yote kuliko kutembea wima nikienda kumzika.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nami zizi langu ni wewe. Nenda kwa Baba leo leo. Mwambie maji yake hayakunidhuru, na kwamba hana neno lolote la kurudisha. Ukiwa na shaka nami, Phoebe anazo chupa tatu tupu ndani ya mkoba ule ule. Zipeleke kwa daktari yeyote unayemwamini huko, umwulize kilichoandikwa nyuma. Wakikupigia kutoka huku, waambie mzee haji, na sababu usiwape. Jumapili watakapokusanyika na wasimwone, nitasema mimi. Nitavua viatu mbele yao, na nitamwomba Mama avue vyake. Sijui kama atavua. Nimeshaliwazia hilo mpaka kichwa kimeuma, na bado sijui.

Ukiamua, nipigie simu useme tu kwamba Baba habanduki Rabai. Hayo mavyaa akiyasikia na ayasikie. Siku hiyo ndiyo nitakayoacha kumeza, si kabla. Nakuomba usikawie.

Msalimie mkeo na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Emily anakwambia usisahau madafu. Nisalimie Baba sana, lakini barua hii usimsomee. Akijua ninameza kwa ajili yake, atakuja kwa miguu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Pola