Gololi ya Macho

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila ngozi ya vidole imekauka kwa udongo. Wewe je, mgongo umetulia? Au bado unainamia baiskeli za watu bila kigoda?

Huku karakanani kumekucha. Mkuu wetu, mama mmoja tunayemwita Miwani kwa kuwa anazo jozi mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ametupa mtihani. Kila mwanagenzi afinyange sanamu ya mtu isiyozidi shubiri moja. Mwili na uso viwe vya udongo, viganja viwe vya epoksi, ile gundi ya kukanda inayoganda kama jiwe, maana vidole vya udongo huvunjika. Siku yenyewe ni mwisho wa Mei. Nafasi ni mbili, sisi tuko saba. Asiyepita anarudi kwao.

Na kila mtu atumie vifaa vyake, vitano tu. Mimi nilinunua seti dukani, vinang'aa kama vya harusi. Miwani akavitazama, akasema, "Binti, hivi ni vya kuchimbia msingi. Utampaka mtu wanja kwa ufagio?" Wenzangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Nakumbuka kopo la Mama la vifaa vya kufinyangia. Najua hujalifungua tangu tumzike. Moyo ukikuruhusu, nichagulie vitano.

Binti yako


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, tunavumiliana. Kigoda ninacho, wateja ndio wanaokikalia.

Jumapili ya kwanza niliweka kopo mezani, nikanywa nalo chai, nikalirudisha. Jumapili ya pili nikafungua. Mna vitu kumi na tisa na bonge la udongo mkavu. Hakuna hata kimoja kilichotoka dukani. Kuna mpini wa mswaki, jino la kitana cha mfupa, ubavu wa mwavuli, kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye penseli, sindano, vijiti.

Mimi hata ukiniamsha usingizini nitakutajia namba ya spana kwa kuishika tu, lakini haya si yangu. Basi nikatafuta palipolika kwa kidole gumba. Mama yako kitu asichokipenda kilikuwa hakichakai, hata kiwe kiatu. Vilivyolika zaidi ndivyo hivi vitano.

Nimeviosha kwa mafuta ya taa na kuvipiga msasa. Ubavu wa mwavuli ulikuwa na kidonge kigumu kwenye ncha, kama kamasi lililokauka. Nimekisugua kwa tupa mpaka kikaisha. Hakuna atakayesema binti wa fundi amekuja na uchafu.

Baba yako


20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nyumbani hakujambo? Vifaa vimefika vyote, asante sana. Kitanzi kinakwangua udongo bila kuukokota. Jino la kitana linalaza mikunjo ya nguo mpaka Miwani amesimama nyuma yangu akaguna, na huyu mama haguni ovyo. Kijiti nilikikosea. Nilikigusisha kwenye epoksi, ikagandia, nikabaki nakwangua kama sufuria iliyoungua. Sasa nimeelewa: mti na mfupa ni vya udongo, epoksi inataka chuma laini kilicholowa maji. Kwa hiyo vidole navitengeneza kwa sindano.

Nimekaa siku nne nikijiuliza nikwambie au ninyamaze. Baba, kile kidonge hakikuwa uchafu. Mama alikiviringa mwenyewe kwa epoksi, ndicho alichobonyezea macho. Nilikuwa mdogo, nimekaa chini ya meza, nikamsikia akisema, "Jicho halichorwi, linabonyezwa mara moja. Ukirudia, mtu anatoka mlevi."

Nimejaribu kutengeneza kingine mara tisa. Vinatoka bapa au vinatoka yai. Watu wangu wote ni walevi.

Usiumie. Nimekwambia kwa sababu sisi hatujawahi kufichana.

Binti yako


2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Unisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako niliisomea kibandani, nikafunga kazi kabla ya adhuhuri. Miaka thelathini na moja nimeishi na mwanamke yule, na sikukijua kidonge chake. Nimeanza barua tatu, nikazichana.

Juzi nilifungua friwili ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya mwalimu, gololi za chuma zikamwagika mezani. Nikaokota moja. Mwanangu, mimi nashika duara kamili kila siku ya Mungu, na wewe unahangaika na mayai!

Nikakata spoku, nikaitia kishimo kwenye ncha, nikakaza gololi kwa epoksi. Ya kwanza iling'oka. Ya pili ilikaa upande. Hii ni ya sita. Nimeipinda kidogo, maana wewe ni wa mkono wa kushoto kama mama yako. Mpini ni wa mwiko wake.

Nililowesha lile bonge la udongo nikajaribu. Macho mawili yakanitazama. Nikajikuta nasema, "Karibu."

Rudisha ubavu wa mwavuli kwenye mkoba wako. Hiki kiwe cha tano.

Baba yako


1 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na kaa kwanza kwenye kigoda. Mteja asimame.

Nimepita!

Nilimfinyanga fundi baiskeli ameinama, kashika tairi. Viganja vya epoksi vina mpaka ule ufa wa kucha yako. Macho nilibonyeza mara moja moja, sikurudia. Miwani alishusha ile miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Huyu anatafuta nini?"

"Pancha, mama."

Kisha akasema, "Ataiona."

Akaniuliza chombo cha macho nimekinunua wapi. Nikamwambia hakiuzwi, ni cha baba yangu. Akakigeuzageuza mkononi kama mtu anayechagua pete. Anakuomba kimoja, na wenzangu wawili pia.

Umewekwa kwenye kabati la kioo mlangoni, Baba. Chini yake nimeruhusiwa kuandika: "Nguo, kwa kifaa cha Mama. Macho, kwa kifaa cha Baba."

Binti yako


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Siku hizi mwenye pancha lazima asikilize habari zako kwanza ndipo nitie kiraka. Mwalimu amezisikia mara nne, na tairi lake ni zima.

Natuma gololi tatu: ya Miwani na za wenzako. Natuma na kopo lenyewe, lina vifaa kumi na vitatu. Sikuvigusa kwa msasa, nimeshajifunza. Ni vyako sasa, umevistahili.

Kimoja nimebaki nacho, mpini wa mswaki. Una udongo uliokauka, na kwenye udongo kuna alama ya kidole gumba chake. Nimeuweka rafuni juu ya redio, mbali na maji.

Ukibonyeza jicho, bonyeza mara moja, kama alivyosema. Na likikutazama, unikumbuke.

Baba yako