Mtani, Rudisha Ngweso ya Wafuku

Jumanne, Visiga. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi, mvua hakuna. Joto tu, na inzi.

Nimeporwa ngweso. Nilijua Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa uliyefika kwenye blogu hii leo: ngweso haipo duniani. Niliitunga mimi. Ni utomvu mweusi unaopatikana Tandara, nchi ya kubuni ambayo mimi na Mihayo tunaijenga pamoja. Mimi naandika, yeye anachora. Mchana nafyatua matofali, kiwanda changu mwenyewe, nilichokianza na mashine ya mkono ya kuazima. Yeye ni fundi mabango kule Kisarawe. Ukiona kibanda cha kinyozi chenye vichwa vya watu ukutani, na vichwa hivyo vinakutazama kama vinakudai salamu, ujue ni kazi yake. Ana mkono, sikatai.

Tandara ina jamii tatu, na kabla sijawapa majina niliwapa vitu. Sheria yangu ni moja: kitu cha ajabu lazima kimgharimu anayekitengeneza. Walenge, wale warefu wa kwenye majabali, wana uzi wa ukungu. Anayesokota pima moja anasahau jina la mtu mmoja. Wanjuru wa mtoni wana chumvi hai, inayotunza sauti ya marehemu. Anayeivuna kiu yake haikatiki tena. Wafuku, wafupi wanaoishi chini ya vilima, wana ngweso. Inashikanisha jiwe na jiwe lisibanduke, na inaunguza mkono wowote usioizoea tangu utotoni. Ndiyo maana Wafuku wana mikono myeusi, yenye magamba, na wenzao hawawapi mkono wakisalimiana.

Hiyo sikuiokota hewani.

Mama yangu amebangua korosho tangu usichana wake, kule Mlandizi. Mnaojua mnajua. Ganda lile lina mafuta yanayochoma ngozi. Unapaka majivu, na majivu yenyewe hayatoshi. Ngozi inababuka, inaota nyingine, inababuka tena, mpaka vidole vinakuwa rangi ya sufuria la kuni. Nimemwona mama akificha mikono ndani ya khanga harusini. Nimemwona mwenye duka akiweka chenji juu ya meza ili asimguse.

Ngweso ni mikono ile. Nilitaka pawepo mahali pamoja, hata kama ni pa kutunga, ambapo wenye mikono ile ndio wanaoombwa.

Na nilipiga hesabu, maana mimi kitu kisicho na hesabu sikiamini. Walenge wanataka daraja la kuvuka bonde, hatua mia sita. Kila hatua inakula vibuyu viwili vya ngweso, jumla elfu moja na mia mbili. Wafuku wana koo kumi, kila ukoo unatoa vibuyu arobaini kwa mwaka. Mia nne kwa mwaka. Kwa hiyo Walenge watake wasitake, watakaa na Wafuku miaka mitatu. Watakula nao sahani moja. Watajifunza kuwaamkia wazee wao. Hadithi nzima imekaa ndani ya miaka hiyo mitatu.

Jumapili mchapishaji akanitumia kurasa za kitabu chetu nizipitie. Zinaingia mtamboni Ijumaa, na zikishaingia, imekwisha.

Ukurasa wa tisa kuna kijana wa Kilenge, mrefu, shingo ndefu, nywele zinapepea. Amesimama peke yake kwenye chemchemi ya ngweso. Chemchemi! Anachota kwa chupa ya kioo, mkono mweupe pee kama wa karani wa benki, haungui, hata jasho hatoki. Ukurasa wa kumi daraja limesimama.

Chupa moja. Hatua mia sita. Mtu aliyewahi kukoroga zege hawezi kusoma hivyo bila kutukana.

Wafuku wapo, lakini ukurasa wa kumi na mbili. Wanapiga makofi.

Nikampigia palepale. Sikusalimia.

"Mihayo, nani kampa Mlenge ngweso?"

Akacheka. "Nimechukua mimi, mtani. Nyie Wazaramo mkiachiwa mali mnaichezea ngoma wiki nzima. Nimeona niwatunzie."

"Sina utani leo."

"Mtani hakasiriki bwana we. Ukikasirika faini."

Nikamwambia Ijumaa ni mtambo, na maneno yaliyo chini ya zile picha si yangu. Nikasikia brashi ikigonga kopo. Kisha akasema, sauti imepungua, kwamba yule bwana wa uchapishaji kamwambia kitabu chenye mikono ile mbele hakiuziki. "Nikasema tujaribu tu. Punguza presha, mtani. Mteja huyo kaingia." Akakata.

Tangu hapo ni vikatuni vya kucheka tu kwenye simu.

Sasa niseme jambo kuhusu utani, maana ndiyo ngao anayojifichia. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kutaniana tumerithi. Siupingi. Tulipomzika baba kule Mzenga, Mihayo alikamata jembe la kuchimbia kaburi akagoma kuliachia. Akatangaza kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa kuku, na yeye hatoki pale bila jogoo. Shangazi zangu waliokuwa wanalia tangu alfajiri wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikatoa jogoo. Akatoa jembe. Baba akazikwa. Sijawahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru siku ile.

Lakini jembe lile alilichukua mbele ya umati, mchana, akataja anachotaka, akapewa, akarudisha. Huo ndio utani. Angetuachia baba juu ya jeneza akaondoka na jembe hadi Kisarawe, angeitwaje?

Na ngweso hakuichukua mbele ya mtu. Aliipeleka kwa mchapishaji kimyakimya, mimi niko hapa napanga matofali juani, naamini kurasa ni zile tulizokubaliana. Neno mtani limekuja baada ya kukamatwa.

Jana nilimwonyesha mama. Alikuwa anachambua mchele. Akaitazama picha akatabasamu.

"Kijana mzuri, mashallah. Anamchumbia nani?"

"Hiyo aliyoshika ndiyo ile ngweso, mama. Ile ya korosho."

Akataka kuikuza picha. Kioo cha simu hakikusikia kidole chake, huwa hakisikii. Nikamkuzia mimi. Akaangalia mkono wa yule kijana, akaangalia chupa.

"Huyu hajabangua hata moja," akasema, akacheka peke yake, akarudi kwenye mchele.

Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikawagombeza vijana wa kiwandani kwa kosa ambalo hata leo silikumbuki.

Nakiri kitu: kama angekuwa mchoraji mwingine yeyote, ningekuwa nimeshakasirika nikamaliza. Ningedai kurasa zangu, ningetafuta fundi mwingine, maisha yaende. Nimeanza upya mara nyingi, kuanza upya hakunitishi.

Ila mikono ya Wafuku Mihayo aliichora kwa kumtazama mama.

Alikuja hapa, akakaa mkekani, akasema, "Shikamoo mama, naomba mikono yako, nitairudisha." Mama akaitikia marahaba huku anacheka, akaitoa ndani ya khanga, akaiweka mapajani, viganja juu. Akaiacha pale mchana kutwa. Sikuwahi kumwona akiiacha wazi mbele ya mgeni. Akauliza hata kama aigeuze.

Mtu huyohuyo ndiye aliyeifuta.

Yaani mwenye duka asiyetaka kumgusa namwelewa, hamjui. Huyu amekula wali uliopakuliwa na mikono ile na akaomba ukoko.

Mihayo, najua unasoma hapa. Huwa unasoma kabla sijamaliza kusahihisha. Usinipigie kunipoza, na hivyo vikatuni nimechoka navyo.

Kama ulikuwa unatania, taja hadharani fidia unayotaka, nitaileta mwenyewe hadi kibandani kwako, na ukurasa wa tisa na wa kumi zirudi kama zilivyokuwa. Muda upo, nimeshamuuliza mchapishaji. Kama uliionea aibu mikono ile, sema hivyohivyo, kwa kinywa chako, nami naondoa kila neno langu kwenye hicho kitabu. Mtambo utachapa picha za kijana na chupa yake, bila hadithi.

Sitaki maelezo ya soko. Sitaki "tujaribu tu".

Ulikuwa unatania, au uliona aibu? Nijibu neno moja, Alhamisi, kabla ya saa sita mchana.