Kura Yangu Niliitia Ndoo

Karakana ya samani,
chumba cha vanishi,
nyuma ya stesheni.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa dada yangu,

Habari za huko? Shemeji hajambo? Na yule mtoto, meno ya mbele yameota au bado anatafuna mkate kwa pembeni? Kifua chako je, maana uliniambia baridi ya huko haina adabu. Mimi sijambo. Tumbo linakula, usingizi unakuja. Unisamehe mwandiko, unajua mimi na shule tuliachana mapema.

Mjomba naye ni mzima. Karakana yake inaenda. Tuna oda ya makabati ya nyumba ya wageni, na msasa na vanishi yote napiga mimi, hata chai nikinywa nasikia vanishi.

Dada, siku ile uliponipigia simu ukaniambia nisiitupe kura yangu, laini ilikatika kabla sijajibu. Nilikuwa bado natafuta maneno. Mimi maneno yananijia watu wakishaondoka. Tangu hapo hujapiga tena, na mimi nimeogopa kukupigia. Basi jibu langu ndilo hili.

Hapa kazini wote ni Mlango. Kiti ndio wanaotawala, wamekaa mpaka wamejisahau, na Mlango ndicho chama kikubwa kinachotaka kuwatoa. Ndoo ni kachama kadogo, bendera zao zote unazifua kwenye beseni moja.

Kabla ya uchaguzi yupo fundi mmoja hapa, kazi yake kufunga vitasa na bawaba, na sisi tunamwita Bawaba kwa sababu mdomo wake unafunguka na kufungwa kutwa nzima. Alileta mkebe wa gundi mtupu, akasema tupige kura ya majaribio tuone kama tuko pamoja. Unatia mkono umeufumba. Msumari ni Mlango, skrubu ni Kiti. Ndoo hata hakuitaja. Mimi nikawaza, kura si siri, nani atajua? Nikachana kipande cha msasa, nikatia.

Alipomimina mezani ilikuwa misumari mitupu, na katikati kale kamsasa kangu. Bawaba akakashika, akakapapasa kwa kidole gumba.

"Msasa laini huu," akasema.

Wote wakanigeukia. Dada, msasa laini hapa anautumia mtu mmoja tu, ni mimi. Hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

"Kumbe Bubu ana chama," mmoja akasema. Bubu ndilo jina walilonipa mimi.

"Ana ndoo," Bawaba akamjibu. "Anawachotea Kiti maji ya kuoga."

Wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Nikadhani imeisha.

Haikuisha. Kabati kulitoa nje likauke ni kazi ya watu wawili. Sasa nikiita, kila mtu ana shughuli mkononi. Basi natandika gunia chini, naliegemeza kabati juu yake, navuta polepole miguu isichubuke. Chai wananiachia kwenye birika ikiwa imepoa. Hakuna anayenitukana. Afadhali wangenitukana.

Nikwambie kwa nini Ndoo. Mgombea wa Mlango mpaka mwaka jana alikuwa Kiti. Picha yake ya zamani bado iko kwa kinyozi, ni kofia tu ndiyo imebadilika. Mgombea wa Ndoo ni mama mmoja mkunga. Alikuja hapa karakana kwa miguu, bila spika, bila vijana wa kumpigia makofi. Akaongea na mafundi, kisha akaniona nyuma ya makabati.

"Na wewe mwanangu, unaonaje?"

Nikakwama kama kawaida yangu. Bawaba akataka kunisemea. Yule mama akamwambia, "Mwache, anakuja." Akasubiri. Nikamweleza habari ya mtaro, kwamba mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani kwangu na uchafu wote wa mtaa. Nikamweleza na vanishi inavyotukaba, na sisi puani tunafunga vitambaa tu. Nilisema mpaka nikamaliza. Sikumbuki mara ya mwisho kumaliza kusema jambo mbele za watu.

Usifikiri nimempigia kwa sababu ya upole tu. Na hesabu yenu naijua, kwamba ukimpa mdogo unamsaidia aliyeko. Iliniuma kichwa siku nyingi hiyo hesabu. Lakini kila uchaguzi tunaambiwa safari hii hapana, labda ijayo. Tukingoja kwanza chama kidogo kikue ndiyo tukipigie, kitakulia wapi?

Siku ya kura ilipofika nikaingia, nikatia alama kwenye Ndoo.

Matokeo umeyasikia. Kiti wamepita kwa kura chache, na za Ndoo ukizijumlisha na za Mlango, Kiti walikuwa wanatoka. Sikufichi, dada. Niliposikia redioni nilikaa kitako juu ya debe la rangi. Kura yangu ni moja tu, lakini siku ile niliiona kubwa kama nyumba.

Kesho yake Bawaba akanivutia kiti, akakipangusa vumbi kwa kofia yake. "Karibu ukae, mheshimiwa. Si ndicho ulichotuchagulia."

Jana Mjomba akaniita nile naye. Tulikuwa wawili tu. Akasema taratibu, hakunifokea, "Waambie mwishoni ulipiga Mlango. Mle ndani hakuna aliyekuona. Wao wataamini, na mimi nitaamini. Yaishe, mwanangu."

Neno lenyewe lilikuwa mdomoni kabisa. Mjomba ndiye aliyenipa kazi, ndiye aliyenipa na chumba. Nikamwambia, "Mjomba, nilipiga Ndoo."

Akanawa mikono upya, na alikuwa bado hajatia kitu mdomoni. Chakula nikabaki nacho mimi.

Hajanifukuza. Ila asubuhi nimemwamkia, akaitikia akiwa ameshanipita. Leo karakana imefungwa, niko mwenyewe na makabati, yote yamegeukia ukutani. Nimeimba kidogo ili kuwe na sauti, nikaona aibu, nikaacha.

Kama nilikosea kupiga Ndoo, sijui. Kuna saa nasema nilikosea, kuna saa nasema la. Ila kusema sikupiga nilichopiga, hilo limenishinda.

Nisalimie shemeji, mwambie kile kiti chake cha kubembea sijakisahau, nimeshakata miguu yake. Mbusu mtoto. Na yule mama jirani yako anayekukopesha masufuria, mwambie nashukuru anakutunza, ingawa hanijui. Mungu akuangalie kazini na njiani, na kifua kikuachie ulale.

Nawe dada, kama na wewe umenikasirikia, usingoje hasira ziishe. Niandikie nazo hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda siku zote.